“Mdogo Huyo, Hatakumbuka”

Kuna kauli ambayo sisi watu wazima huitoa mbele ya watoto bila kufikiri mara mbili: “Mdogo huyo, hatakumbuka.” Husemwa watu wazima wanapogombana sebuleni naye yuko palepale sakafuni anacheza. Husemwa familia inapohama, au mtu wa karibu anapofariki. Husemwa hata kwenye mambo ya furaha: ya nini kuhangaika kumpeleka kwa bibi yake safari yote ile, wakati akikua hatakuwa na habari? Nimefundisha watoto wa chekechea kwa muda mrefu, nyumbani ninao wawili wangu, na kauli hii ndiyo iliyonisukuma kusoma saikolojia ya kumbukumbu na makuzi ya watoto. Nilichokipata ni kwamba ina ukweli nusu tu, na ile nusu nyingine inatuhusu sana sisi tunaolea.

Ukweli wake ni huu. Waulize watu wazima wakutajie kumbukumbu yao ya kwanza kabisa, na wengi watakupa jambo la walipokuwa na miaka mitatu au mitatu na nusu hivi. Kabla ya hapo hakuna kitu. Baada ya hapo, mpaka kama miaka saba, kuna vipande vipande: ukuta wa rangi fulani, mbwa aliyebweka, mtu analia chumba cha pili. Wanasaikolojia huiita hali hii usahaulifu wa utotoni. Sigmund Freud alidhani akili huyafukia mambo ya miaka ile kwa sababu yanatutisha, maelezo ambayo leo hayana wafuasi wengi, lakini hali yenyewe ipo na kila mtu anaweza kujipima.

Tatizo huanza tunapolichukua hilo la mtu mzima kutokumbuka, tukalifanya kuwa ni mtoto asiyekumbuka. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer walichapisha utafiti wa watoto wachanga ambao hawajatimiza hata siku tatu duniani. Kila mtoto alipewa chuchu ya bandia iliyounganishwa na kinasa sauti. Akinyonya kwa mwendo fulani, alisikia sauti ya mama yake. Akinyonya kwa mwendo mwingine, alisikia sauti ya mama mwingine. Watoto wale walibadilisha namna yao ya kunyonya ili wamsikie mama yao. Hawakuwa na neno hata moja kichwani, lakini sauti waliijua.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote, hata hivyo, ni wa Carolyn Rovee-Collier, na ulianzia nyumbani kwake. Alikuwa na mwanawe mchanga, ana kazi ya kuandika, na mtoto hatulii. Akachukua utepe, ncha moja akaifunga kwenye kifundo cha mguu wa mtoto, nyingine kwenye vile vichezeo vinavyoning'inizwa juu ya kitanda. Mtoto akipiga mguu, vichezeo vinacheza. Haukupita muda mtoto akaelewa kwamba ni yeye anayevichezesha, akawa anapiga miguu kwa furaha na mama anaandika. Mama huyo alikuwa mwanasaikolojia, kwa hiyo hakuishia kushukuru. Alitambua kwamba ameona mtoto asiyeweza hata kukaa akijifunza jambo mbele ya macho yake, akalipeleka maabara.

Huko maabara mtoto alifundishwa kwanza mchezo huo, kisha baada ya siku kadhaa analazwa tena chini ya vichezeo vilevile, ila safari hii utepe haujaunganishwa navyo. Akianza kupiga miguu kwa nguvu mara tu anapoviona, basi anakumbuka. Watoto wa miezi miwili walikumbuka kwa siku moja au mbili. Wa miezi mitatu, karibu wiki. Wa miezi sita, wiki mbili. Jambo lililonishangaza zaidi ni la wale waliokuwa wamekwisha kusahau. Mtafiti akienda siku moja kabla ya kipimo, akavichezesha vichezeo mbele ya mtoto wa miezi mitatu kwa dakika chache tu, mtoto akitazama bila kufanya lolote, kesho yake miguu inaanza tena kupiga kama vile alifundishwa jana. Kumbukumbu haikuwa imefutika. Ilikuwa imejificha mahali ambapo mtoto hawezi kuifikia peke yake. Pia ukibadilisha tu vitambaa vinavyozunguka kitanda, ukaweka vya mchoro mwingine, mtoto aliyekuwa anakumbuka vizuri anatazama vichezeo kama vitu vigeni. Kwa mtoto mchanga, jambo na mahali lilipotokea bado vimeshikana.

Nyumbani hayo hayahitaji maabara. Mwanangu wa kwanza, kabla hajajua kutambaa vizuri, alikuwa akisikia maji yanamiminwa kwenye beseni anaanza kurusha mikono na miguu hata kabla hajaliona beseni lenyewe. Anajua linalokuja. Na mtoto wa umri huohuo ambaye kila akisikia mlango ukifungwa kwa kishindo kinachofuata ni makelele, naye anajua linalokuja. Akiwa mtu mzima hatakusimulia mlango ule. Lakini mwili wake umeshajifunza, na mafunzo ya namna hiyo hayasubiri mtu ajue kuongea.

Hapa inabidi niseme neno kuhusu aina za kumbukumbu, maana bila hilo mjadala huu haueleweki. Mwaka 1972 mwanasaikolojia Endel Tulving alipendekeza tutenganishe kumbukumbu za matukio, yaani mambo yaliyokupata wewe, mahali fulani na wakati fulani, na kumbukumbu za maarifa, kama kujua kwamba samaki huishi majini bila kukumbuka ni lini ulijifunza. Kando ya hizo kuna kumbukumbu za mwili na mazoea: kuendesha baiskeli, kufunga kamba za viatu, kushtuka. Aliyetuonyesha kwamba hizi ni njia tofauti ndani ya ubongo ni Henry Molaison, Mmarekani aliyefanyiwa upasuaji mwaka 1953 akiwa na miaka 27 ili kutibu kifafa kikali. Aliondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kutunza matukio mapya, pande zote mbili za ubongo. Tangu siku hiyo hakuweza kutunza tukio jipya. Ukitoka chumbani ukarudi, unajitambulisha upya. Lakini mwanasaikolojia Brenda Milner alipomfundisha kuchora kwa kufuata mistari ya nyota huku akitazama kwenye kioo tu, kazi ngumu kwa yeyote, Molaison aliboreka siku hadi siku, na kila siku aliamini kwamba hajawahi kuifanya.

Mtoto mchanga si mgonjwa, na ubongo wake hauna kasoro. Ila njia hizi kwake hazikomai kwa wakati mmoja. Ile ya mazoea na hisia hutangulia. Ile ya matukio yanayoweza kusimuliwa huja polepole.

Na huja vipi? Gabrielle Simcock na Harlene Hayne wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walitengeneza kitu ambacho mtoto yeyote angekipenda: mashine ya “kupunguza” vitu. Mtoto anavuta mkono wa mashine, taa zinawaka, anaingiza kichezeo kikubwa kwa juu, anazungusha mpini, muziki unalia, na mlangoni kinatoka kichezeo kilekile kikiwa kidogo. Walioletwa kucheza walikuwa na umri wa kati ya miaka miwili na zaidi ya mitatu kidogo. Watafiti walipima pia maneno ambayo kila mtoto alikuwa nayo siku ile. Baada ya miezi sita, au mwaka mzima, wakarudi. Watoto walikuwa wameongeza maneno mengi sana hapo katikati. Waliweza kuonyesha kwa mikono jinsi mashine inavyofanya kazi, na waliweza kuitambua kwenye picha. Lakini walipotakiwa kusimulia, hakuna aliyetumia neno ambalo hakuwa nalo siku ya tukio, hata kama sasa analijua. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2002. Nilipoyasoma niliwafikiria watoto wengi waliopita mikononi mwangu wakiwa wamebeba mambo ambayo mikono yao ilikuwa ikiyaeleza kwenye michezo na michoro, huku mdomo hauna la kusema.

Patricia Bauer na Marina Larkina wao waliwafuata watoto tangu wakiwa na miaka mitatu. Waliwarekodi wakizungumza na mama zao kuhusu mambo yaliyowapata, kisha wakawauliza tena wakiwa wakubwa, kila kundi katika umri wake. Waliorudi wakiwa na miaka mitano mpaka saba walikumbuka zaidi ya asilimia 60 ya matukio yale. Waliorudi wakiwa na minane au tisa walikumbuka chini ya asilimia 40. Kwa maneno mengine, tunaweza kuuona usahaulifu ukitokea, na unatokea mtoto akiwa tayari anasoma na kuandika. Yule wa miaka mitano anayekueleza habari za mwaka juzi hasemi uongo. Bado anazo. Baada ya miaka michache hatakuwa nazo.

Kwa nini zinapotea? Sababu hazijafungwa kwenye jibu moja. Hipokampasi bado inajengwa, na kuna utafiti wa mwaka 2014, uliofanywa na kundi la Paul Frankland na Sheena Josselyn kwa kutumia panya, ulioonyesha kwamba chembe mpya za neva zinazoongezeka kwa wingi hapo utotoni huvuruga kumbukumbu zilizokuwepo. Kuna suala la nafsi pia: watoto wengi huanza kujitambua kwenye kioo kati ya miezi 18 na 24, na ni vigumu kuwa na “jambo lililonipata mimi” kabla hakujawa na “mimi”. Halafu kuna lugha, na hapa ndipo mzazi anapoingia.

Robyn Fivush na Elaine Reese wametumia miaka mingi kusikiliza jinsi wazazi wanavyozungumza na watoto wao kuhusu mambo yaliyopita. Wapo wazazi wanaoshikilia swali moja: “Tulimwona nani? Hebu sema, tulimwona nani? Si unajua lakini!” Mtoto anageuka mtahiniwa. Wapo wengine wanaopokea kidogo alichotoa mtoto, wakakiongezea nyama, wakauliza kipya. Binti yangu ana miaka minne. Juzi usiku tulikuwa hivi:

“Kwa shangazi leo umeona nini?”

“Paka.”

“Ehe! Paka gani?”

“Ile nyeupe.”

“Yule mweupe, ndiyo. Alikuwa anafanya nini?”

“Amelala kwenye kiti cha baba mkubwa. Baba mkubwa akakosa pa kukaa.”

“Akafanyaje?”

“Akakaa chini! Akacheka sana.”

“Na wewe je?”

“Mimi nilitaka kumshika lakini nikaogopa kucha.”

Hayo ni mazungumzo ya dakika mbili, mtoto yuko kitandani. Lakini angalia yaliyomo: nani, wapi, nini kilitangulia, nini kikafuata, nilijisikiaje. Hiyo ndiyo mifupa ya kumbukumbu ya tukio, na mtoto wa umri ule hawezi kuisimamisha peke yake. Mwanasaikolojia Lev Vygotsky aliandika kwamba mtoto hufanya kwanza akiwa na mtu mwingine yale ambayo baadaye atayafanya mwenyewe ndani ya kichwa chake. Sijapata mahali ambapo hilo linaonekana wazi kama kwenye kukumbuka. Mwaka 2007 Reese na Rhona Newcombe walichapisha utafiti ambamo akina mama walifundishwa kuzungumza kwa namna hii, na watoto wao, hasa wale waliokwisha kuanza kujitambua, wakaja kuwa na kumbukumbu tajiri zaidi za mambo yaliyowapata.

Tena utafiti mwingine wa New Zealand, wa mwaka 2000, uliuliza watu wazima kumbukumbu zao za kwanza. Wale wa asili ya Ulaya walirudi nyuma, kwa wastani, mpaka karibu miezi 43. Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, watu ambao habari za waliotangulia na za kuzaliwa kwa kila mtoto huzungumzwa nyumbani na kurudiwa, walirudi mpaka karibu miezi 33. Miezi kumi ya maisha ya mtu, na sehemu ya maelezo yake ni mazungumzo.

Nitoke kidogo kwenye matukio, maana kuna kumbukumbu nyingine inayowaletea watoto matatizo kila siku, nayo ni ile ya muda mfupi, tunayoshikia jambo wakati tunalifanyia kazi. George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba mtu mzima hushika vitu kama saba. Nelson Cowan mwaka 2001 akapunguza mpaka karibu vinne. Mtoto hushika vichache zaidi. Sasa msikilize mtu mzima: “Nenda kavue viatu, unawe mikono, ulete daftari lako, na umwambie kaka yako aje.” Mtoto anaenda, anavua viatu, anasimama katikati ya chumba akiangalia ukuta. Anaambiwa ni mkaidi. Mimi darasani hutoa agizo moja, nikaona limefanyika, ndipo nikatoa la pili, na nawaomba wazazi wa wanafunzi wangu wajaribu hivyo wiki moja kabla hawajamwita mtoto wao msumbufu.

Wala si kwamba angeweza kama angejitahidi. John Flavell na wenzake, mwaka 1966, waliwavisha watoto kofia yenye kifuniko cha kushusha machoni, wakawaonyesha picha za kukumbuka, wakawafunika macho kwa sekunde 15, na mtu aliyefunzwa kusoma midomo akawatazama. Karibu watoto wote wa miaka kumi walikuwa wanajirudia majina ya picha kimyakimya. Wa miaka mitano, ni wachache mno. Haikuwajia akilini. Na hata hiyo mbinu ya kujirudia ni zao la shule. Barbara Rogoff na Kathryn Waddell waliwapa watoto wa miaka tisa kazi ya kukumbuka mahali vitu vilipopangwa kwenye mfano mdogo wa mji. Watoto wa Kimaya wa Guatemala walifanya vizuri sawa na wa Marekani, hata kuwazidi kidogo. Wale wa Marekani walikuwa wananong'ona majina ya vitu. Wa Guatemala walitazama tu mandhari. Kwa hiyo ukimpima mtoto kwa orodha ya maneno matupu, umempima jinsi alivyozoea orodha.

Nirudi kwenye mazungumzo, kwa sababu yana upande wa hatari. Sauti ileile inayomjengea mtoto kumbukumbu inaweza kumjengea ambayo haikutokea. Jean Piaget, aliyetuachia sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu fikra za mtoto, alikumbuka waziwazi jinsi alivyonusurika kutekwa akiwa mdogo. Alikuwa ameketi kwenye kigari chake kwenye Champs-Élysées, Paris, mtu akataka kumchukua, yaya wake akapambana, akakwaruzwa usoni. Aliyaona yote hayo akilini. Alipokuwa na miaka 15 hivi yaya yule aliwaandikia wazazi wake barua kukiri kwamba alitunga kisa kizima, akarudisha saa aliyozawadiwa kwa ushujaa wake. Piaget alikuwa amesikia hadithi ile utotoni, na akili yake ikaigeuza kuwa picha.

Stephen Ceci na wenzake walilipima jambo hilo mwaka 1994. Watoto wa umri wa kabla ya shule waliulizwa kila wiki, kwa wiki kadhaa, kuhusu mambo ya kweli na ya kutungwa, kwa mfano kama wamewahi kunaswa kidole na mtego wa panya wakapelekwa hospitali. Hilo halikuwahi kuwapata. Wakaambiwa tu wafikirie vizuri. Mwisho zaidi ya nusu walikuwa wamesimulia angalau kisa kimoja cha uongo wakikiamini, na maelezo juu: nani alikuwepo, mtego ulikuwa wapi, walivaa nini. Baadhi walipoambiwa kwamba halikutokea, walikataa. Wataalamu walioonyeshwa video hawakuweza kutofautisha visa vya kweli na vya kutungwa.

Ndiyo maana shuleni kwetu tuna utaratibu, na ningependa kila anayekaa na watoto awe nao. Mtoto akija na jambo zito, au tukiona alama mwilini mwake, hatumuulizi “Ni fulani aliyekupiga?” Tunamwambia, “Niambie kilichotokea.” Tunanyamaza, maana mtoto mdogo huhitaji muda mrefu kuliko tunaoweza kuuvumilia. Akikwama tunasema, “Halafu?” Anayemsikiliza ni mtu mmoja, mara moja, si kila mwalimu kwa zamu yake. Maneno yake yanaandikwa hapohapo kama alivyoyasema, na swali tulilomuuliza linaandikwa pia, ili atakayesoma ajue neno lipi ni la mtoto na lipi ni letu. Akipenda kuonyesha kwa mikono au kuchora badala ya kusema, tunamwachia. Na kabla ya yote anaambiwa, kwa upole na zaidi ya mara moja, kwamba akiwa hajui aseme “sijui”, akiwa hakumbuki aseme “sikumbuki”, na hakuna atakayemkasirikia.